Sifuri Nyembamba

San Onofre de los Hornos, Zacatecas
3 Julai 1978

Mheshimiwa Doña Herminia Ugarte,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri nilipokwenda kuungama: siiamini sarafu ya babu yangu.

Nimeandika hivyo kisha nikageuka kutazama kama yuko mlangoni. Hayupo. Amelala uani kwenye kiti chake, kofia juu ya uso, na mvua inakuja polepole kutoka upande wa mgodi wa zamani.

Jina langu ni Ludivina Berumen. Nina miaka kumi na sita na bado nasoma. Anwani yako niliikuta nyuma ya kitabu cha sarafu katika maktaba ya shule. Kinasema kwamba wewe huzichunguza sarafu za kale, ukasema ipi ni ya kweli na ipi si ya kweli, kisha ukaipa kila moja daraja lake. Mimi si mtu wa kuongea. Kwa barua najaribu.

Sarafu yenyewe ni ya fedha, ya reale nane, pana kama mdomo wa glasi ndogo. Upande mmoja ina taji na ngao ya mfalme wa Hispania. Upande wa pili ina mlima wenye msalaba kileleni, na chini ya mlima herufi L.V.O. Mwaka wake ni 1810. Babu yangu, Don Refugio, husema kila Septemba kwamba sarafu hii ilizaliwa mwaka mmoja na nchi yetu, na kwamba babu wa babu yake, mwendesha nyumbu, alilipwa nayo vita vya uhuru vilipoanza. Mji mzima unaijua hadithi hiyo. Mimi mwenyewe niliisimulia mbele ya bendera nikiwa darasa la tatu.

Tarehe 16 Septemba, sikukuu ya uhuru, manispaa itafungua chumba cha kumbukumbu. Babu ataikabidhi sarafu mbele ya meya, bendi na watu wote.

Tatizo ni sifuri. Kitabu kinasema za mwaka 1811 zinapatikana, lakini za 1810 ni adimu sana. Katika picha, sifuri ni nene, imeshiba. Ya Babu ni nyembamba, kama mtu aliyevuta pumzi ili apite kwenye ufa.

Nimekuwekea kivuli chake, karatasi iliyosuguliwa kwa penseli juu yake. Nilikichora Babu alipokuwa misani. Tafadhali niambie kwamba nimekosea.

Mwenye kukuheshimu,
Ludivina


Jiji la Mexico
14 Julai 1978

Ludivina, mwanangu,

Kumtambua mtu kwa alama ya unyayo wake kunawezekana, ila si haki kwake. Kivuli cha penseli ni unyayo. Siwezi kukwambia umekosea, wala siwezi kukwambia uko sahihi.

Fanya haya. Kwanza, usiioshe. Najua kwenu vyombo vya fedha husuguliwa kwa ndimu na majivu kabla ya sikukuu. Hata mama yangu alikuwa na ugonjwa huo. Ile rangi nyeusi ya moshi ndiyo ngozi ya sarafu. Ukiisugua umeichuna, na ngozi haioti tena. Ishike kwa ukingo, kati ya vidole viwili.

Pili, ipime uzito kwenye duka la dawa, kwa mizani ya kupimia unga wa dawa. Tatu, iweke juu ya ncha ya kidole, iguse kidogo kwa penseli, usikilize. Fedha hukaa na sauti yake. Madini ya risasi huitema mara moja. Nne, zungusha ukingo wote mbele ya dirisha utafute mshono. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu na matapeli huwa na mshono kama suruali. Mwisho, tazama sehemu ya juu kabisa, juu ya taji, uniambie kama pamelainika kuliko kwingine.

Uandike unachokiona, si unachokiogopa. Mwenye hofu huona nyufa hata kwenye yai zima.

Herminia Ugarte, mjane wa Sandoval


San Onofre
27 Julai 1978

Doña Herminia,

Nilikwenda kwa Don Toribio, mwenye duka la dawa, saa ambayo Babu hulala. Don Toribio ni rafiki yake tangu utoto, maana yake hawajawahi kukubaliana jambo lolote.

"Unapima nini, panya wa maktaba? Dhambi zako?"

"Ni kazi ya shule, Don Toribio."

"Shule gani inayofundisha kupima sarafu ya Refugio? Lete hapa." Akaiweka kwenye mizani taratibu sana, kama anayemlaza mtoto. "Gramu ishirini na sita na nusu. Mwambie babu yako tangu nikiwa na kaptula nasikia habari za sarafu hii. Siku ikijulikana ni ya bati, nitacheka mpaka nizikwe, na duka nimwachie yeye."

"Si ya bati."

"Sijasema ni ya bati. Nimesema nitacheka."

Kwa hiyo huo ndio uzito. Mshono sikuuona. Juu ya taji kuna mahali palipolainika, kama nta iliyowahi kuyeyuka ikaganda. Sifuri bado ni nyembamba.

Mlio nao ni hivi. Niliigusa kwa penseli chumbani kwangu. Ililia kwa muda mrefu. Nilipodhani imekwisha, ilikuwa bado ipo, mbali, kama mtu anayeimba ndani kabisa ya mgodi huku akienda zake. Niliigusa tena na tena. Mvua ilianza, na baadaye sikujua ipi ni mvua na ipi ni sarafu. Nikasinzia nayo kifuani. Niliota napanda ule mlima wake. Ulikuwa wa fedha, wa joto kidogo, na miguu yangu haikutoa sauti. Kileleni, karibu na msalaba, alikuwapo msichana amesimama amenipa mgongo, amevaa nguo inayoburuza. Nilitaka kumuuliza mwaka. Kabla hajageuka, Babu aliniita nikanywe uji wa mahindi.

Mezani aliniuliza, "Umelia?"

"Nimelala, Babu."

"Shingo yako ina duara hapa," akasema, akajigusa shingoni chini ya kidevu. Nilikuwa nimelalia sarafu. Nikasema ni kifungo.

Sasa jambo baya. Sarafu imo ndani ya kifurushi hiki. Kwenye kisanduku ambamo Babu huitunza nimeacha peso ya kawaida, nimeifunga kwa kitambaa kile kile cha buluu kilichoifunga sarafu. Babu hukifungua kisanduku Septemba tu. Nina wiki tano. Tafadhali, Doña Herminia, itazame upesi. Kama ni ya uongo, Babu ajue kutoka kwangu jikoni, asijulishwe na kicheko cha Don Toribio uwanjani.

Ludivina


Jiji la Mexico
12 Agosti 1978

Ludivina,

Kutuma fedha ya kale kwa posta, kwenye boksi la vidonge vya kikohozi, ni wazimu. Imefika salama. Nimekaa nayo siku nne.

Sarafu yako ni ya kweli. Fedha ni ya kweli, imepigwa chapa Zacatecas wakati wa vita, kwa haraka, na watu waliokuwa na vyuma vibaya na mikono hodari. Mlima wake ni mzuri kuliko mingi niliyowahi kushika. Miteremko bado ina mikunjo yake yote. Ningekuwa naupa daraja mlima peke yake, ningeupa la juu.

Lakini mwaka wake ni 1811. Moja ya mwisho imegeuzwa kuwa sifuri. Chini ya lenzi unaona ubavu wa kushoto wa sifuri umesimama wima, kwa sababu ulikuwa moja. Ubavu wa kulia umeinuliwa kwa patasi ndogo, ukasuguliwa upatane na mwenzake. Unyayo wa ile moja bado upo, umejificha kwenye kivuli. Aliyefanya hivyo alikuwa fundi wa kweli. Hakuwa na haraka. Pale juu ya taji paliunganishwa kikonyo cha kuning'inizia, baadaye kikaondolewa. Kwa sababu hizo mbili siwezi kuipa daraja. Kwenye kadi yangu ninaandika: halisi, mwaka umebadilishwa, iliwahi kuvaliwa.

Sasa na mimi niungame. Ulipoandika jina Berumen na San Onofre, nilinyanyuka nikaenda kwenye daftari za marehemu baba yangu, aliyefanya kazi hii kabla yangu. Alikuwa akichora kila sarafu aliyoletewa. Mwaka 1951 ameichora hii, na sifuri yake nyembamba, na pembeni ameandika: "Ya bwana R. Berumen, San Onofre. Nimemweleza. Amenishukuru, akaomba maji ya kunywa."

Sikukwambia mapema kwa sababu nilitaka uione kwa macho yako kwanza. Huenda nilikosea. Babu yako anajua, Ludivina. Amejua kwa miaka ishirini na saba.

Sarafu nitaituma kesho kutwa, kwa rejista.

Herminia


San Onofre
19 Agosti 1978

Doña Herminia,

Asante kwa kazi yako.

Jana Babu alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba mbele ya kuku. "Ilizaliwa mwaka mmoja na nchi yetu," alisema, akasimama pale pale anaposimama siku zote ili watu wapige makofi. Nilikuwa nikianika nguo. Nilibaki na shuka mkononi mpaka ikaanza kukauka.

Wewe ukipewa sarafu ya uongo, unajua la kufanya. Unaandika kwenye kadi. Mtu je? Nilipokuwa darasa la tatu, nimesimama juu ya kreti la soda nikisimulia, alikuwa mstari wa mbele. Aliniangalia usoni, akijua, akatabasamu.

Sitamwambia kitu. Na atoe hotuba yake.

L.


San Onofre
26 Agosti 1978

Doña Herminia Ugarte,

Anayekuandikia ni Refugio Berumen Luévano, fundi wa matandiko ya farasi, sasa nimestaafu ila mikono bado haijapewa habari hiyo.

Mtu wa posta amenikabidhi kifurushi chenye jina la mjukuu wangu. Ningempa kikiwa kimefungwa, lakini nilipokipokea niliujua uzito. Nikaenda kwenye kisanduku. Ndani ya kitambaa cha buluu nikakuta peso. Nilicheka, nikakaa kitandani, kisha sikucheka tena.

Nimesoma kadi yako. Baba yako aliniambia maneno hayo hayo, kwa upole, naye akaniazima lenzi yake. Mungu amrehemu.

Nataka ujue kwa nini, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Mwaka 1910, nchi ilipotimiza miaka mia moja, kila mji ulitaka kitu cha mwaka 1810. San Onofre hapakuwa na kitu. Palikuwa na mama yangu, Eduviges, msichana wa miaka kumi na sita, aliyechaguliwa kuwa Nchi, yaani kuiwakilisha nchi yetu, kwenye gari la maandamano: nguo nyeupe, utepe wa rangi tatu. Baba yake, Anselmo Luévano, alikuwa mfua fedha. Alikuwa na sarafu hii ya babu yake, na ilikuwa imechelewa mwaka mmoja. Basi akairekebisha. Hakumdanganya mtu ili apate kitu. Alitaka binti yake asimame juu ya lile gari akiwa na mwaka wenyewe kifuani.

Sidhani alimwambia. Mama alinipa niishike nilipokuwa na homa, kwa sababu ilikuwa ya baridi. Aliniambia, kwa jina langu la utotoni, "Cuco, hii ni ya mwaka elfu moja mia nane na kumi." Mafua makubwa ya mwaka 1918 yalimchukua nikiwa na miaka mitano. Sina neno lingine lake ninalolikumbuka kwa uhakika. Uso wake naubuni. Lakini hayo maneno nayakumbuka jinsi yalivyotoka mdomoni mwake.

Baba yako aliponionesha ile moja iliyojificha ndani ya sifuri, nilielewa kila kitu, nikaomba maji. Mama yangu nisingeweza kumsahihisha. Ndani ya treni ya kurudi nyumbani niliamua kwamba sikuwa nimekwenda popote.

Nilitaka iwekwe nyuma ya kioo ili baada yangu asiishike tena mtu mwenye lenzi. Kumbe mwenye lenzi analala chumba cha pili.

Nakuomba, usimwambie Ludivina kwamba ninajua. Mtoto ameipenda hadithi ile tangu akiwa mdogo. Sarafu nimeirudisha kwenye kitambaa chake, na peso nimeiweka juu ya mto wake. Ataelewa kwamba imerudi, asilazimike kuniambia lolote.

Mtumishi wako,
Refugio Berumen L.


Jiji la Mexico
4 Septemba 1978

Ludivina,

Nimeombwa nisikwambie jambo. Sikuahidi.

Wewe unamficha yeye, yeye anakuficha wewe, na nyote wawili mnaniandikia mimi, niliye safari ya siku nzima kutoka jikoni kwenu. Mimi huchunguza sarafu. Siri za watu sizihifadhi. Droo ya meza yangu imejaa.

Nilikwambia aliyeigusa ile moja hakuwa na haraka. Jana niliutazama tena mchoro wa baba yangu, nikaona kitu ambacho lenzi yangu haikunionesha: mkono ule haukuwa wa tapeli. Tapeli huficha kosa lake na kuondoka. Huyu ameizungushia sifuri mstari mwembamba kama pindo la nguo, na hakuna mnunuzi ambaye angeuona.

Nenda ukakae karibu na babu yako. Muulize mama yake alivaa nguo ya rangi gani mwaka 1910. Usiulize kingine.

Herminia


San Onofre
18 Septemba 1978

Doña Herminia,

Peso niliikuta juu ya mto wangu, na kwa zaidi ya wiki mbili nilikuwa nikiamini malaika mlinzi ndiye aliyeiweka, au mimi mwenyewe nikiwa usingizini. Hivyo ndivyo nilivyotaka kutojua.

Barua yako ilifika tarehe 11. Babu alikuwa jikoni akimenya matunda ya mpungate, miiba ikianguka kwenye beseni la maji. Nilikaa, nikachukua kisu cha pili.

"Babu, mama yako alivaa nguo ya rangi gani mwaka 1910?"

Aliendelea kumenya. Alimenya matatu.

"Nyeupe," akasema. "Yule mama wa Jiji la Mexico ana mdomo mpana."

"Hakuniambia kitu. Ameniambia niulize."

"Ndio upana wenyewe."

Halafu akanisimulia yote. Hakusimama mahali pa makofi. Sauti yake ilikuwa ndogo, na nilipodhani amemaliza, alikuwa bado anaendelea. Alinieleza gari la maandamano lililovutwa na nyumbu wanne, na mama yake amesimama juu kabisa, anaogopa kuanguka, mkono mmoja ameshika bendera na mwingine ameshika sarafu kifuani. Hilo alisimuliwa na shangazi yake. Nilipofumba macho niliona nguo inayoburuza, na safari hii msichana alikuwa amenitazama, ila mwanga nyuma yake ulikuwa mkali sikuweza kumwona uso.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unaipenda hadithi. Na wewe, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaipenda sarafu."

"Basi tulikuwa wajinga wawili ndani ya nyumba moja," akasema, "na peso moja inazunguka kama paka."

Nilicheka, nikalia kidogo, akanipa tunda lililomenywa. Lakini hatukukubaliana la kufanya. Nilimwambia siwezi kukaa kwenye chumba kile nikitazama mwaka 1810 umeandikwa chini ya kioo. Alisema hawezi kusimama mbele ya mji amwite mama yake mwongo. Nikamwambia mama yake hakusema uongo, alisema alichokiona. Akaenda kulisha kuku ambao walikwisha kula.

Hivi ndivyo nilivyofanya. Asubuhi ya tarehe 14 niliandika kadi mbili kwa mwandiko wangu mzuri. Ya kwanza ilisema: "Reale nane, Zacatecas, 1810. Zawadi ya Don Refugio Berumen." Ya pili ilisema: "Reale nane, Zacatecas, 1811. Mwaka ulibadilishwa kuwa 1810 na mfua fedha Anselmo Luévano, kwa sikukuu ya miaka mia moja ya nchi. Zawadi ya Don Refugio Berumen." Niliziweka mezani kando ya kahawa yake, nikaenda shule. Sikusikia somo hata moja.

Niliporudi ilikuwapo kadi moja. Ilikuwa ya pili. Chini ya mwandiko wangu, kwa herufi zake kubwa zinazotetemeka kama zimeshonwa kwenye ngozi, ameongeza: "Ilivaliwa siku hiyo na binti yake Eduviges, miaka 16, aliyekuwa Nchi."

Tarehe 16 hakutoa hotuba. Alimwambia meya ana koo bovu. Watu walipanga foleni kusoma kadi, na Don Toribio alikuwa wa tatu. Alisoma kwa sauti, kama kawaida yake, akafika kwenye neno ulibadilishwa, akageuka.

"Refugio. Kwa hiyo miaka yote hii…"

"Soma mpaka mwisho, Toribio."

Akasoma mpaka mwisho, mara hii bila sauti. Midomo tu ilikuwa ikitikisika. Alisimama pale mpaka waliokuwa nyuma wakaanza kumsukuma. "Marehemu mama alikuwa akinisimulia gari hilo," alisema. "Alikuwa akisema msichana alipita juu ya mapaa." Akatoka nje, na sikumsikia akicheka, ingawa uwanja ulikuwa na kelele za bendi na huenda sikusikia tu.

Walipoondoka wote, mama mwenye funguo aliniruhusu niipange sarafu vizuri, kwa sababu walikuwa wameiweka upande wa mfalme. Niliishika kwa ukingo, vidole viwili. Niliigeuza mlima ukawa juu. Nikafunga kioo, nikarudisha ufunguo, nikaenda kumsaidia Babu kurudisha viti kanisani.

Ludivina Berumen